Kuuliza Kama Mgeni

Nilisomea ushauri nasaha nikiwa mtu mzima, watoto wangu wote wameshaingia sekondari. Kabla ya hapo nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la mapokezi la zahanati moja kando ya Barabara ya Jogoo. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la mgonjwa na kumwonyesha mahali pa kusubiri. Lakini watu walipofika dirishani walinieleza mambo ambayo hayakuhusu malaria wala homa ya matumbo. Huyu alinieleza kuhusu mkwe wake, yule kuhusu mwenye nyumba wake, mwingine kuhusu ndoto aliyoota mara tatu. Siku moja daktari akatoka chumbani kwake akanikuta nimemshika mama mmoja mkono kupitia kile kidirisha, foleni imefika nje.

"Wewe usipoenda kuisomea hii kazi," akasema, "utanimalizia wagonjwa kabla sijawaona."

Alisema akicheka, lakini mimi nilimsikia. Mwaka huo huo nikajiandikisha katika chuo kimoja cha jioni mjini.

Nilipenda masomo yale kupita kiasi. Tulifundishwa kumrudishia mtu maneno yake ili ajue amesikika, na mimi nikayapeleka mafunzo nyumbani. Mume wangu akiuliza chumvi iko wapi, namjibu, "Naona kama una wasiwasi kuhusu chumvi." Alivumilia wiki kadhaa, kisha akaniomba mashauri niyaache chuoni na chumvi niilete mezani.

Kulikuwa na somo moja lililohusu tamaduni. Mwalimu alichora jedwali ubaoni: jamii hii husalimiana hivi, hii haipendi kutazamwa machoni, hii usiipe mkono, hii uzungumze kwanza na baba. Nilikariri lile jedwali mpaka nikawa naweza kulisema usingizini. Nilikulia Makongeni, katika nyumba za reli, ambako mlango wa kulia ulikuwa wa Wajaluo, wa kushoto wa Wakamba, na sisi Wamaragoli katikati. Nilijiambia kwamba mtu aliyelelewa hivyo, kisha akakariri jedwali, hawezi kupatwa na jambo asilolijua.

Mafunzo ya vitendo niliyafanyia katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa mtaa. Msimamizi wangu alikuwa mzee wa Kikamba, nesi mstaafu, mtu wa maneno machache na chai ya rangi. Chumba kilikuwa na viti viwili vinavyotazamana, meza ndogo, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Nilipanga vile viti kila asubuhi kama mtu anayepanga madhabahu.

Mtu wangu wa kwanza wa kweli alikuwa muuza mapazia wa Gikomba. Soko zima lilimwita Mama Pacha kwa sababu alikuwa amezaa mapacha. Alikuwa Mkikuyu wa Jericho, mnene kidogo, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mikokoteni. Nesi wa zahanati ndiye aliyemtuma kwetu. Presha yake ilikuwa imepanda na haikutaka kushuka, na nesi alihisi kuna jambo moyoni.

Nikamketisha. Nikafunga mlango. Nikainama mbele kidogo kama tulivyofundishwa, nikamuuliza, "Mama, unajisikiaje?"

"Bwana asifiwe," akasema. "Mimi nimeokoka. Najisikia vizuri."

Nikanyamaza, maana tulifundishwa pia kunyamaza. Yeye naye akanyamaza. Tukatazamana. Mwishowe akachukua karatasi moja kutoka kwenye boksi, akafuta vumbi kwenye meza yangu, akaniuliza kama nina maswali mengine.

Msimamizi wangu alipoisikia habari hiyo alitikisa kichwa taratibu, akapuliza chai yake.

"Umemuuliza hali. Kwao mtu akiulizwa hali anamshukuru Mungu," akasema. "Muulize habari. Muulize, ilikuwaje."

Mama Pacha aliporudi, nikamuuliza ni lini mara ya mwisho alilala vizuri, na siku iliyofuata ilikuwaje. Hapo mlango ukafunguka. Alizungumza mpaka watu wa kwaya waliotumia ule ukumbi wakaanza kutugongea ukuta kwamba wanataka kufanya mazoezi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pale Gikomba alikuwa na mwenzake wa kibanda, Mwislamu wa Majengo, ambaye sokoni walimwita Mama Majengo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana wao. Mama Pacha aliita wateja, Mama Majengo alishona upindo wa mapazia kwa cherehani, na robota la mapazia ya mitumba likifunguliwa wote wawili walipiga magoti na kuchagua. Mamake Mama Majengo, ajuza wa umri mkubwa sana, alimpenda Mama Pacha kama binti yake.

Jumapili moja alfajiri ajuza yule akafariki. Mama Pacha alikuwa Murang'a kwenye harusi ya kanisani ya mpwa wake, simu ameizima iko ndani ya mkoba. Alipoiwasha jioni alikuta amepigiwa mara nyingi, na ujumbe mfupi kwamba ajuza amefariki. Usiku hakulala kwa kupanga. Kesho yake alirudi Nairobi, akapitia sokoni, akawakusanya kina mama, wakachagua leso za kuvaa sare na nyimbo za kuimba, na yeye mwenyewe akatunga maneno ya kusema mbele ya jeneza. Siku ya tatu akaingia Majengo na kundi lake na shada la maua, akasimama mlangoni, akauliza mwili uko hospitali gani.

"Wakaniambia amezikwa," alinieleza, machozi yamemlenga. "Tangu Jumapili, saa za alasiri. Siku ile ile. Hawakuningoja hata usiku mmoja. Mtu niliyekula naye sahani moja miaka yote, wamemweka chini kama mtu asiye na watu."

Aligeuka pale pale mlangoni, akaacha maua, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakuwa wamezungumza.

Nilimwelewa, na kwa kweli nilimwelewa kupita kiasi. Kwetu Vihiga tulipofiwa na babu tulimsubiri mjomba mpaka akafika kutoka ng'ambo, na kule kusubiri ndiko kulikokuwa mapenzi yenyewe. Nilipomsimulia msimamizi wangu kisa hicho, nilisema "hawakumngoja" kwa sauti ya Mama Pacha kabisa. Mzee akaliona.

"Sasa umesikia upande wa kwenu," akasema. "Nenda kaone wa pili. Lakini usiende na jawabu mkononi. Uliza kama mgeni."

Nikaenda Gikomba nikijifanya mnunuzi. Mama Majengo alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi mazuri, buibui lake halina hata uzi wa mapazia. Walikuwa wameketi wawili hao wakipeana mgongo, cherehani katikati kama ukuta wa mpaka. Mteja alipotaka pazia la kijani lifupishwe, Mama Pacha alimwambia mteja, "Mwambie huyo fundi, kiasi cha kidole." Na Mama Majengo akamjibu mteja, "Mwambie huyo mwenye kuuza kwamba nimesikia, sijazibwa masikio." Mteja maskini alikuwa akigeuza shingo huku na huku kama anatazama mpira.

Nilipojitambulisha na kumwomba Mama Majengo aje kwenye chumba chetu, aliniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, huko kwenu huenda walioharibikiwa na akili. Mimi akili ninazo. Ukiwa na neno, njoo nyumbani. Na wewe huyo," akageukia mteja, "mwambie mwenzangu kwamba akitaka kuja, mlango wa mamangu haujawahi kufungwa."

Msimamizi wangu aliposikia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Ndiyo mwaliko huo," akasema.

Mama Pacha alikubali mwaliko, na siku yenyewe nilikwenda na mpango kamili. Ningewaketisha wawili wakitazamana, mimi katikati kidogo nyuma, kila mmoja azungumze bila kukatizwa. Nilipovua viatu na kuinua pazia la mlango, nilimkuta Mama Majengo kwenye mkeka na shangazi yake, mwanamke mzee mwenye tasbihi mkononi, na bintiye Mama Majengo anayesoma chuo kikuu. Kabla sijaketi, Mama Pacha akapiga hodi akiwa na dada mmoja wa ushirika wao wa kanisa, mwenye Biblia kwapani. Wanawake watano na mimi wa sita, na hakuna kiti hata kimoja.

Nikasema kwa upole kwamba mazungumzo haya ni ya faragha, na kwamba pengine wengine wangetupisha.

Shangazi akasimamisha tasbihi. "Tukupisheni twende wapi? Aliyekufa ni wifi yangu."

"Na mimi nimekuja kumshika mkono," akasema dada wa ushirika.

Binti akaniegemea sikioni. "Auntie, we acha tu. Hawa hawatoki."

Nikaacha. Nikaketi kwenye mkeka, nikakunja miguu vibaya, shangazi akanionyesha namna ya kuikunja. Chai ya maziwa yenye iliki ikaja, na mahamri ya moto, na kwa muda mrefu tukazungumza kuhusu mvua na mafuriko ya sokoni. Nilikuwa nakaribia kuona kwamba kazi imenishinda, hadi nilipogundua kwamba Mama Pacha alikuwa amejimiminia kikombe cha pili mwenyewe, bila kuomba, na kwamba alijua kijiko cha sukari kiko wapi.

Nikakumbuka neno la yule mzee. Nikamwambia Mama Majengo, "Mama, mimi ni mtu wa Vihiga. Kwetu maiti hukaa siku nyingi. Naomba unifundishe. Hapa kwenu, mtu akifariki, nini hufanywa, na kwa nini?"

Akanyoosha mgongo kama anayetaka kushona jambo gumu.

"Sisi tunafanya haraka," akasema. "Na haraka hiyo ndiyo heshima. Mzazi wako ameitwa na Mola wake, utamwekaje mlangoni? Mimi nilimwosha mamangu kwa mikono hii. Nilimkosha nywele. Alasiri alikuwa amekwenda, msafi, kama mtu aliyekuwa na miadi. Lakini kilio chetu hakiko kaburini. Sisi wanawake siku ile hata hatukwenda kaburini. Kilio chetu ni hapa." Akapiga mkeka kwa kiganja. "Ni kuketi. Mtu anakuja, anaketi nawe, hata asiposema kitu. Nilipiga simu mara ngapi? Nikajiambia, sawa, atakuja kuketi. Siku ya tatu nikamwona mlangoni, moyo wangu ukasema, huyo, sasa naweza kulia. Naye akageuka akaondoka. Mimi nilifiwa na mamangu Jumapili. Yeye nilifiwa naye Jumanne."

Mama Pacha aliweka kikombe chini.

"Ulikuwa unaningoja?" akauliza.

"Nilikuwa nimekuwekea nafasi hapa, karibu na ukuta."

"Mimi nilidhani nimechelewa. Nilidhani yamekwisha."

"Yalikuwa hata hayajaanza, Mama Pacha."

Nilikuwa na sentensi tatu nzuri za kusema wakati huo, zote za darasani. Nashukuru kwamba shangazi aliniwahi.

"Na hayo maneno uliyotunga," akamuuliza Mama Pacha, "uliyotaka kumsemea wifi yangu mbele ya watu. Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka yote."

"Basi yaseme. Sisi ndio watu."

Mama Pacha akamtazama Mama Majengo, na huyo akaitikia kwa kichwa. Mama Pacha akajifunga leso vizuri, akapiga magoti pale kwenye mkeka, akaanza kwa sauti ya programu ya mazishi, kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu na mama wa wengi. Baada ya sentensi mbili sauti ile ikamwacha, akaanza kuzungumza tu. Akasema mapacha walipozaliwa, mamake mwenyewe alikuwa mgonjwa Murang'a, na ajuza yule ndiye aliyekuja Jericho na uji na mafuta ya nazi, akamkanda tumbo, akalala sakafuni kwa siku nyingi akimshikia mtoto mmoja wakati anamnyonyesha mwingine. Akasema ajuza alijua neno moja tu la Kikuyu, "wimwega," yaani hujambo, na alilitumia kwa kila kitu. Alisalimia wimwega, alishukuru wimwega, na paka alipoingia jikoni alimfukuza kwa kipande cha kuni akisema, wimwega, wimwega, toka.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka tasbihi ikamdondoka. Binti akafuata. Mama Majengo alijizuia, akaziba mdomo na ncha ya buibui, kisha kicheko kikamtoka, na ndani ya kicheko kile kile akaanza kulia. Mama Pacha akasogea kwa magoti mpaka karibu na ukuta, akaketi. Wakaegemeana. Dada wa ushirika aliniuliza kwa kunong'ona kama sasa ni wakati wa maombi, nikamwambia nafikiri yanaendelea.

Waliketi hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Yalibaki majuma machache kufika arobaini, siku ambayo husomwa dua ya kumkumbuka marehemu na watu wakalishwa. Mama Pacha alisema pilau ataipika yeye, kwa sababu ajuza yule ndiye aliyemfundisha. Mama Majengo akasema sawa, ila yeye atasimama karibu. Walibishana wiki nzima kuhusu kiasi cha bizari, wakibishana uso kwa uso, na wateja wa Gikomba wakapumzika shingo.

Nilialikwa. Msimamizi wangu alisema niende, maana mtu aliyealikwa chakula na asiende ataeleza nini baadaye. Nikafika mapema na kitambaa kichwani. Kina mama wa sokoni walikuwa wamekuja na zile leso za sare walizochagua kwa mazishi, Wakikuyu, Wakamba na Waluhya, kila mmoja amejitanda kichwa kwa namna yake, mmoja akiuliza kama Biblia yake iachwe nje na viatu. Shangazi akamwambia aingie nayo, hakuna kitabu cha Mungu kinacholala na viatu nyumbani kwake.

Nyuma, kwenye ua, sufuria kubwa ilikuwa juu ya mawe, na Mama Pacha akiwa na mwiko kama kasia, moshi umemtoa machozi. Tulimenya vitunguu. Katika kumenya huko Mama Majengo akanigeukia.

"Wewe umetuuliza siku nzima ile. Na nyinyi huko kwenu, mtu akifa mnafanyaje?"

Nikaanza kueleza kwa kifupi, kitaalamu, jinsi tulivyofundishwa kutojiweka mbele ya mteja. Hawakukubali kifupi. Wakanitaka nieleze kila kitu: ng'ombe wanaopitishwa kijijini, ngoma za isukuti, na babu yangu aliyekuwa mchezaji stadi kiasi kwamba wazee waliapa hawezi kuzikwa bila kuchezewa. Nikawaeleza jinsi bibi yangu, mjane wa siku mbili, alivyosimama kutoka kwenye kiti chake akatikisa mabega peke yake mbele ya jeneza, na uwanja mzima ukimtazama. Sikuwa nimemweleza mtu habari hiyo kwa miaka mingi. Nikajikuta naangalia huku na huku nikitafuta lile boksi la karatasi. Mama Pacha akanipa ncha ya aproni yake, ambayo ilinuka bizari na moshi.

"Alitikisa vipi?" akauliza shangazi.

"Shangazi, leo ni siku ya dua."

"Dua ni baada ya adhuhuri. Sasa tunapika. Alitikisa vipi?"

Mama Majengo akaenda akafunga mlango wa ua wanaume wasichungulie. Binti akageuza karai akapiga mdundo niliomwonyesha. Nami, mwanafunzi wa ushauri nasaha, kisu cha vitunguu mkononi, nikawatikisia mabega ya Vihiga. Mama Pacha akajaribu, mwiko ukaruka. Shangazi akajaribu akiwa ameketi kwenye kigoda, na niseme ukweli, alituzidi sote. Tulipofungua mlango, imamu mzee aliyekuwa amefika mapema alikuwa amesimama upande wa pili akitazama ukutani kwa adabu kubwa. Akasema tu kwamba pilau inanukia vizuri.

Presha ya Mama Pacha ilishuka. Nesi aliandika ni dawa, nami sikubishana naye. Nilimaliza masomo, na kile chumba cha nyuma ya ukumbi kikawa ofisi yangu. Lile jedwali la tamaduni bado ninalo kichwani, lakini nalitumia kama vile mtu anavyotumia ramani ya mtaa alioishi zamani: barabara zipo, ila kila siku kuna mtu amefungua duka ambalo halimo.

Juzi alikuja kijana wa Kisomali kutoka Eastleigh aliyekuwa na shida na kazi yake. Alikuja na mamake, dada zake wawili, mjomba wake, na jirani ambaye alisema yeye anajua mwanzo wa jambo lenyewe. Walisimama mlangoni wakitazama viti vyangu viwili, wakaanza kujadiliana kwa Kisomali nani abaki nje.

"Hakuna wa kubaki nje," nikawaambia. "Nipeni dakika."

Nikaenda ukumbini kwa watu wa kwaya, nikaazima viti vya plastiki, na mjomba akanisaidia kuvibeba.